Kaburi la Mtoto na Umiliki wa Michezo ya Nemea

Bonde la Nemea, lililoko kaskazini-mashariki mwa Peloponnesos nchini Ugiriki, hutajwa zaidi kwa sababu ya simba aliyekabwa koo na Herakles. Umaarufu wa kisa hicho umewafanya wengi wadhani kuwa shujaa huyo ndiye mwasisi wa michezo iliyofanyika hapo kila baada ya miaka miwili tangu mwaka 573 K.K. Insha hii inaipinga dhana hiyo. Masimulizi yanayomhusisha Herakles na uasisi huo ni ya baadaye. Yaliyotangulia yanahusu msiba.

Kwa mujibu wa masimulizi ya awali, majemadari saba waliokuwa wakienda kuishambulia Thebes walimwomba maji yaya Hypsipyle. Naye, ili awaonyeshe chemchemi, akamlaza mtoto Opheltes juu ya majani ya selari mwitu; nyoka akamuua. Majemadari wakamzika na kumwandalia mashindano ya maombolezo. Kwa kumbukumbu hiyo mshindi alivishwa taji la selari mwitu, na waamuzi, wasemavyo wafafanuzi wa kale, walivaa nguo nyeusi.

Msiba huo nao haukukosa siasa. Kiongozi wa majemadari, Adrastos, alikuwa mfalme wa Argos. Kila aliyekisimulia kisa hicho, ajue asijue, aliipa Argos hati ya umiliki, ilhali mji uliolikaribia bonde zaidi ulikuwa Kleonai, na katika karne ya 5 K.K. mshairi Pindar aliyanasibisha mashindano hayo na Kleonai. Mwishoni mwa karne hiyo patakatifu pa Zeus paliharibiwa, na michezo ikahamishiwa Argos. Ilirejea Nemea katika karne ya 4 K.K., hekalu jipya na uwanja vilipojengwa, kisha ikahamishwa tena.

Ugomvi huo haukuwa wa maneno matupu. Plutarch anaeleza kuwa Aratos wa Sikyon aliandaa michezo yake Kleonai, na wanamichezo walioshindana Argos, walipokamatwa wakipita katika nchi ya Waakaya, waliuzwa kama maadui. Usalama wa msafiri wa michezo, uliokuwa wa kidini, ulivunjwa kwa ajili ya swali la nani mwenye michezo.

Pausanias alipolitembelea bonde katika karne ya 2 B.K., paa la hekalu lilikuwa limeanguka. Kaburi la Opheltes aliliona, limezungushiwa ua wa mawe.