Historia ya Madhara ya Kufunga Kizazi

Kufunga kizazi kwa mwanamke, yaani kuziba au kukata mirija miwili ambayo yai hupitia kutoka kwenye ovari kuelekea mfuko wa uzazi, ni upasuaji wenye umri wa zaidi ya karne moja, ingawa elimu ya kuaminika kuhusu madhara yake ni changa zaidi. Daktari Samuel Lungren wa Toledo, Marekani, alifunga mirija ya mgonjwa wake karibu mwaka 1880, baada ya kumzalisha kwa upasuaji, ili asije akapasuliwa tena katika zama ambazo upasuaji huo uliua wengi. Hofu ya wakati huo ilikuwa ile ya kila upasuaji wa tumbo, yaani kuvuja damu na kidonda kutunga usaha, na athari za miaka ya baadaye hazikupewa nafasi.

Njia ya daktari Ralph Pomeroy, iliyochapishwa na wenzake mwaka 1930 baada ya yeye kufariki, ilirahisisha kazi: mrija huinuliwa katikati ukajikunja kuwa kitanzi, kitanzi hufungwa kwa uzi unaoyeyuka mwilini, kisha sehemu yake ya juu hukatwa, na uzi unapoyeyuka ncha mbili huachana, kila moja ikiwa imejiziba kwa kovu.

Hatari ya aina nyingine ilikuja na laparoskopia, upasuaji unaotumia chombo chembamba chenye taa kinachopitishwa kwenye tundu dogo karibu na kitovu, ambacho katika miaka ya 1970 kilimwezesha daktari kuichoma mirija kwa umeme na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Katika vifaa vya kwanza umeme ulisafiri kutoka kwenye koleo lililoushika mrija, ukapita mwilini hadi kwenye bamba lililobandikwa kwenye ngozi, na mara chache uliunguza utumbo bila mpasuaji kutambua. Mwanamke aliruhusiwa akijiona mzima, kisha baada ya siku kadhaa homa ilipanda na tumbo likajaa na kuuma, kwa sababu utumbo ulikuwa umetoboka, na baadhi walifariki. Koleo jipya, ambalo umeme wake huishia kati ya meno yake mawili, lilipunguza ajali hizo, lakini, kama ilivyokuja kujulikana, liliacha mirija mingi zaidi ikiwa haijaziba sawasawa.

Jambo hilo lilibainishwa na utafiti wa Marekani uliowaandikisha wanawake 10,685 kati ya mwaka 1978 na 1986 na kuwafuatilia kwa miaka. Matokeo ya mwaka 1996 yalionyesha kwamba ndani ya miaka 10 takriban wanawake 18.5 kati ya kila 1,000 walipata mimba, na ya mwaka uliofuata kwamba takriban 7.3 kati ya kila 1,000 walipata mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, ambayo huweza kupasua mrija na kuua kwa kuvuja damu ndani. Utafiti huohuo ulipima lalamiko la miongo mingi kwamba upasuaji huvuruga hedhi: mwaka 2000 ilionekana kwamba waliofungwa kizazi hawakutokwa damu nyingi zaidi wala kupata maumivu makali zaidi kuliko wake wa wanaume waliofunga uzazi, ingawa mzunguko usiotabirika ulijitokeza zaidi kwao. Wengi walikuwa wameacha vidonge vya kupanga uzazi, ambavyo hupunguza damu ya hedhi, na mabadiliko ya kuviacha yalihesabiwa kuwa kosa la kisu. Hata hivyo, madaktari waliopuuza malalamiko hayo kabla ya kuyapima walikosea, kwani ufuatiliaji ndio pekee uliotenganisha dhana na dhara.

Majuto pia yalipimwa: katika miaka 14 yalikaribia asilimia 20 kwa waliofungwa wakiwa na umri wa miaka 30 au chini, na asilimia 6 kwa waliozidi umri huo. Kwa hiyo ushauri kabla ya upasuaji ni sehemu ya tiba; na kwa kuwa mimba nje ya mfuko wa uzazi huweza kutokea, mwanamke aliyefungwa kizazi, hata kama ni miaka mingi iliyopita, akikosa hedhi huku tumbo la chini likimuuma, anapaswa kupimwa ujauzito bila kuchelewa.