Somo la 14: Moto na Kelele Usiku Katika Kambi za Misafara

  Wewe unayesoma karatasi hii baada ya kusikiliza redio, usifanye haraka. Soma kwa kituo. Ukikuta neno gumu, litie mstari chini. Mwisho wa somo tutaeleza maneno manne.

Nianze na swali. Watu mia mbili wakilala pamoja porini, ni nani awaambie saa ya kunyamaza? Ni nani aseme moto upi uwake na upi uzimwe? Jambo hili laonekana dogo. Lakini katika nchi yetu zamani lilikuwa jambo la uhai na mauti.

Safari ya bara

Katika karne ya 19 njia kubwa ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Ni mwendo wa kilomita zaidi ya elfu moja, nao ulikuwa wa miguu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walichukua nguo, shanga na baruti kwenda bara, wakarudi pwani na pembe za ndovu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa yapata frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ukitaka kujua uzito wake, fikiri juu ya mtungi mkubwa uliojaa maji, kisha uubebe kutwa, kesho tena, na kesho kutwa tena, kwa muda wa miezi.

Mbele ya msafara alikwenda kirangozi. Yeye alijua njia, visima na desturi za wenyeji. Alipiga ngoma au baragumu, watu wakamfuata.

Kambi na moto

Msafara ulipofika penye maji, watu walitua mizigo. Wengine walikata miiba wakazungusha boma. Wengine walijenga vibanda vya matawi na nyasi. Mara nyingi walikuta kambi iliyoachwa na msafara uliotangulia, wakalala humo. Basi aliyeondoka asubuhi alikuwa anamwachia mwenzake nyumba, hata kama hamjui.

Watu walijigawa katika makundi madogo, kila kundi na mafiga yake matatu na chungu chake. Moto ulipika chakula, uliondoa baridi, na ulifukuza wanyama wakali. Lakini moto huo huo ulikuwa adui. Vibanda vilikuwa vya nyasi kavu, na karibu yake palikuwa na mapipa ya baruti. Cheche moja ingeweza kuteketeza mali ya safari nzima na watu wake. Kwa hiyo moto wa kambi haukuwa wa mtu mmoja. Aliyeuwasha aliuwasha juu ya usalama wa wote.

“Lala! Lala!”

Chakula kikiisha, usiku wa mbalamwezi watu walicheza ngoma na kuimba. Usidhani ya kuwa kelele zilikatazwa. Mtu aliyebeba frasila mbili tangu alfajiri alikuwa na haki ya kufurahi. Ila furaha hiyo ilikuwa na mpaka wake.

Mwingereza Richard Burton alipita njia hiyo pamoja na John Speke. Walitoka pwani mwaka 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 Burton alieleza siku ya msafara tangu asubuhi hata usiku. Asema kwamba yapata saa mbili usiku kilisikika kilio kambini: “Lala! Lala!” Watu wakanyamaza kwa hiari yao. Anawatoa wanawake tu, ambao pengine waliamka wakazungumza hata usiku wa manane.

Hapa tusimame kidogo. Burton alilaumu, lakini sisi tufikiri. Wake za wapagazi walitembea njia ile ile. Walichukua vyombo, walipika, na wengine walibeba watoto. Huenda saa ile ya usiku ndiyo pekee waliyoweza kuongea bila kuitwa na mtu.

Kwa nini wapagazi walikubali kunyamaza mapema? Sababu zilikuwa tatu. Kwanza, jogoo waliochukuliwa katika safari waliwika kabla ya mapambazuko, na yapata saa kumi na moja watu walianza kuamshana. Asiyelala angeanguka njiani na mzigo wake. Pili, walinzi walihitaji kusikia. Kelele za watu huficha hatua ya fisi na ya mwizi. Tatu, msafara ulipita katika nchi za watu, nao waliwahitaji wenyeji kwa maji na chakula. Mgeni mwenye vurugu hauziwi chakula kwa bei nzuri.

Kimya cha lazima

Lakini haifai tuisifu kambi ya zamani kupita kiasi. Kulikuwa na kimya cha namna nyingine.

Mwezi wa Novemba 1871 Henry Stanley alikuwa akipita Uha, akienda Ujiji kumtafuta Livingstone. Alikuwa amekwisha kulipa hongo mara kadhaa, hakutaka kulipa tena. Akaondoa watu wake usiku kwa siri, bila sauti. Njiani mwanamke mmoja katika msafara alipiga kelele. Stanley mwenyewe aliandika kwamba alimpiga mjeledi mpaka akanyamaza. Jina la mama huyo halikuandikwa katika habari hiyo. Kelele zake tu ndizo zilizoandikwa.

Tena iko misafara iliyochukua watumwa. Humo watu walifungwa kwa minyororo, nao walinyamaza kwa hofu. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali kufunga soko la watumwa, na mwaka 1876 akakataza kuwapeleka watumwa kwa njia ya nchi kavu. Hata hivyo biashara hiyo haikukoma siku moja.

Basi waona, ndugu, ya kuwa kimya hakilingani na kimya. Kimoja hutoka katika mapatano: mimi nanyamaza ili wewe ulale, nawe kesho utaninyamazia. Kingine hutoka katika mjeledi. Masikio hayasikii tofauti, ila moyo waijua.

Baada ya misafara

Reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mizigo ikapakiwa garini, na kambi za njiani zikaota majani.

Hata hivyo kupiga kambi hakukukoma. Agosti 1907 Robert Baden-Powell aliwakusanya wavulana kama ishirini katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, akaanzisha uskauti. Aliwaamsha kwa pembe ya tandala iliyotoka Afrika. Usiku wavulana walishika zamu ya ulinzi. Baden-Powell alikufa mwaka 1941, akazikwa Nyeri, Kenya.

Nawe leo

Leo watu hupiga hema katika mbuga za wanyama na kando ya bahari. Badala ya mafiga wana taa za umeme, na badala ya ngoma wana redio na mashine za umeme zinazonguruma. Vyombo vimebadilika, majirani hawakubadilika.

Ukilala kambini, fanya haya. Elekeza taa yako chini, si usoni pa mwenzako wala katika hema lake. Izime ukimaliza kazi. Punguza sauti watu waanzapo kulala. Funga mizigo yako jioni, usije ukapekuapekua alfajiri. Zima moto kwa maji, uguse majivu kama yamepoa. Pwani, jihadhari zaidi: kasa wachanga watokapo mayai usiku hufuata mwanga wa upeo wa bahari, na taa za watu huwapoteza wakaelekea nchi kavu, wakafa.

Na jirani akipiga kelele, usianze kwa matusi. Mwendee, msalimu, mwambie saa ya kuamka kwako. Desturi ya “Lala! Lala!” ilishika kwa sababu kila mtu alijua mzigo wa mwenzake.

Maneno ya leo

Kirangozi: kiongozi wa msafara.
Frasila: kipimo cha uzito, kilo 16 hivi.
Hongo: hapa maana yake ni malipo ya kupita katika nchi ya mtawala.
Mafiga: mawe matatu ya kuinjikia chungu.

Maswali

1. Moto ulifaa nini kambini, nao ulikuwa na hatari gani?
2. Taja sababu tatu za kulala mapema.
3. Kimya cha mapatano na kimya cha mjeledi vyatofautianaje? Zungumzeni darasani, kisha kila mtu aandike sentensi tano.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.