Kuchemsha Si Kuoka: Hoja ya Mzio wa Maziwa kutoka Makoko

Makoko ni kata ya Manispaa ya Musoma, ufukweni mwa Ziwa Victoria, katika mkoa wa wafugaji. Maziwa hapa ni uji wa mtoto, chai ya mgeni, mtindi wa kushushia ugali. Mama akiambiwa mwanawe ana mzio wa maziwa ya ng'ombe, huuliza swali la haki kabisa: tukiyachemsha sana, je? Ninadai kwamba kuchemsha hakutoshi. Kuoka kunawafaa watoto wengi, lakini onjo la kwanza liwe hospitalini.

Mzio usichanganywe na tumbo kujaa gesi kwa kushindwa kusaga sukari ya maziwa. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walieleza mabadiliko ya kinasaba yanayowawezesha watu wazima wengi wa jamii za wafugaji, za Tanzania zikiwemo, kusaga sukari hiyo. Urithi huo haumkingi mtoto na mzio, ambao ni kinga ya mwili kuishambulia protini: vipele, midomo kuvimba, kutapika, kifua kubana, pengine presha kushuka ghafla.

Kaseini, takriban asilimia 80 ya protini ya maziwa, hustahimili kuchemka. Katika keki, joto kali la muda mrefu huharibu umbo la protini nyingine, na unga wa ngano huzinasa zote kiasi kwamba kinga ya mwili haizitambui kwa urahisi. Uji wa maziwa, hata utokote saa nzima, haupati ulinzi huo. Maziwa ya mbuzi, ambayo jirani mwema huyataja upesi, nayo si mbadala. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Mwaka 2008 Anna Nowak-Węgrzyn na wenzake, New York, walichapisha matokeo ya watoto 100 waliopimwa kwa vyakula vyenye maziwa yaliyookwa. Watoto 68 walivumilia maziwa yaliyookwa tu, 9 walivumilia hata yasiyookwa, na 23 walidhurika. Takriban theluthi moja ya hao 23 walihitaji adrenalini. Wengi husimulia habari njema ya wale 68. Mimi nawafikiria zaidi wale 23, kwani kwa kumtazama tu, mama hawezi kujua mwanawe yuko kundi gani.

Keki ndogo ya kipimo hicho ilikuwa na gramu 1.3 za protini ya maziwa, sawa na mililita 40 hivi za maziwa, ikaokwa nusu saa kwenye nyuzi 180 hivi. Sasa tazama keki ya mkaa: sufuria juu ya jiko, makaa mengine juu ya mfuniko. Juu inakauka na kuwa kahawia, ukizamisha kijiti katikati kinatoka na ute. Ute huo ni maziwa ambayo hayajaokwa. Andazi nalo hukaa kwenye mafuta dakika chache tu. Lisihesabiwe kuwa limeokwa.

Kwa hiyo keki ya kipimo iwe moja, ya vipimo vilevile, ndogo ili iive hadi ndani. Mtoto awe hana homa wala kuhara, na pumu yake, kama anayo, iwe imetulia. Aanze na punje, kisha kipande kikubwa zaidi, akiangaliwa kwa saa kadhaa. Adrenalini ya chupa ya miligramu 1 kwa mililita iwe mezani tayari: mtoto wa kilo 10 huchomwa mililita 0.1 kwenye msuli wa paja. Sindano za kujichoma zinazotajwa katika miongozo ya Ulaya ni adimu kwetu, ndiyo sababu nyingine ya kutoanzia nyumbani.

Akifaulu, mama arudi Makoko na mapishi yaleyale na kiasi kilekile, mara kwa mara, wala asikimbilie mtindi. Kila anapoipua keki aikate katikati kwanza, aone kama imekauka, ndipo ampe mtoto.