KAMARI NA SHERIA ZA MATAIFA: NANI AMLINDAYE MCHEZAJI?



Katika zama zetu hizi hapana biashara iliyovuka mipaka kwa wepesi kama kamari. Kijana aliyekaa barazani Lamu au Tanga aweza, kwa simu iliyomo kiganjani mwake, kuweka shilingi zake juu ya mpira unaochezwa Uingereza au Hispania, na kampuni inayozipokea ikawa na wenyewe walio mbali, asiowajua wala wasiomjua. Mzee wake akimwonya, hujibu: "Mbona jambo hili lina leseni? Lina bodi, lina sheria, na dunia nzima inalijua."

Neno hilo la kijana lafaa kupimwa, si la kupuuzwa. Ni kweli kuwa leseni zipo, bodi zipo, na mikataba ya mataifa ipo. Lakini suala la kujiuliza ni hili: sheria hizo zilitungwa kumlinda nani? Basi tufuatane katika tarikhi, na jawabu utaiona mwenyewe.

HOJA KONGWE YA MANUFAA

Waarabu wa zama za Jahiliya walikuwa na mchezo ulioitwa maisiri. Ngamia huchinjwa, nyama ikagawanywa mafungu, kisha mishale ikachanganywa katika mfuko na kutolewa mmoja mmoja. Mishale mingine ina mafungu, mingine mitupu. Waliotokewa na mishale mitupu ndio hulipa thamani ya ngamia. Na walioshinda hawakuwa wakiila nyama ile. Waliwapa maskini, wakajifakhiri kwa ukarimu wao, na asiyeshiriki wakamhisabu kuwa ni bakhili.

Tazama basi, msomaji, jinsi Qurani ilivyolikabili jambo hili. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, haikukanusha kuwa mna manufaa kwa watu. Iliyataja, kisha ikayapima, na dhambi ikawa nzito kuliko manufaa. Baadaye katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, ndipo lilipokuja katazo lenyewe, pamoja na sababu zake: uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiwa na Sala na kumkumbuka Mwenyezi Mungu.

Hoja hii ya manufaa ndiyo iliyoendelea kutumiwa na madola karne baada ya karne. Mwaka 1567 Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alitangaza bahati nasibu ya dola ili ipatikane fedha ya kutengeneza bandari, na tiketi zikachezeshwa mwaka 1569. Mwaka 1638 serikali ya Venice ilifungua nyumba ya kamari iliyoitwa Ridotto. Wachezaji waliingia wamevaa barakoa, na meza zikasimamiwa na watu wa ukoo bora waliofilisika. Mwaka 1774 wakuu wa mji wakaifunga, baada ya miaka 136, kwa kuwa waliona jinsi watu wao wenyewe walivyoangamia. Lakini kamari haikufa Venice. Ilihamia katika vyumba vya faragha.

MLANGO UKIFUNGWA, WA JIRANI HUFUNGUKA

Na huko kuhama ndiko kiini cha khabari yetu. Ufaransa ilizifunga nyumba zake za kamari usiku wa kuamkia mwaka 1838. Ndugu wawili Wafaransa, François na Louis Blanc, wakavuka mpaka wakaenda Homburg, mji mdogo wa Ujerumani wenye maji ya tiba, ambao mtawala wake alikuwa na haja ya fedha. Hapo wakaweka meza ya ruleti yenye sufuri moja badala ya mbili, na watu wakamiminika kutoka Ulaya nzima.

Hebu tuifanye hisabu ya meza ile, kwani ni fupi. Gurudumu lina namba 37 ukiihisabu sufuri. Mtu akiweka shilingi moja juu ya kila namba, ametoa shilingi 37. Namba moja itashinda, naye atarudishiwa shilingi 36. Shilingi moja imebaki kwa mwenye meza, wala hakufanya hila yoyote. Huyu ashinde, yule ashindwe, mwenye meza yeye hana bahati wala nuksi. Ana hisabu tu. Na vijana wetu wanaotia mechi kumi katika mkeka mmoja wajue kuwa katika kila mechi mwenye kampuni amekwisha kata fungu lake, na kila mechi inayoongezwa ni mkato juu ya mkato.

Mwandishi mashuhuri wa Urusi, Dostoyevsky, alikuwa mmoja wa walioteketea katika meza za Homburg na Wiesbaden. Mwaka 1866 alilazimika kumsomea karani riwaya nzima juu ya mcheza kamari katika muda usiotimia mwezi, kwa kuwa alibanwa na mkataba wa mchapishaji uliokuwa kama kitanzi. Na baada ya kuyaandika yote hayo kwa ujuzi, aliendelea kucheza miaka mingine kadhaa, hata mwaka 1871 ndipo alipoacha. Basi asidhani mtu kuwa kuijua khatari kwatosha kumwokoa nayo.

Dola ya Ujerumani ilipoungana, nyumba hizo zikafungwa mwisho wa mwaka 1872. Je, François Blanc alikaa akalia? La. Tangu mwaka 1863 alikuwa amekwisha pata idhini ya Mfalme wa Monaco, nchi ndogo mno iliyokuwa imepoteza sehemu kubwa ya ardhi yake na haina mapato. Ndiyo asili ya Monte Carlo. Mwaka 1869 Monaco ikawaondolea wenyeji wake kodi, kwa kuwa fedha za wageni zilitosha. Na hapa pana jambo la kuzingatiwa sana: raia wa Monaco wenyewe walikatazwa kucheza katika nyumba ile. Mwenye chungu alijua kilichomo ndani, akawapakulia wageni, watoto wake akawazuia.

KESI YA KISIWA KIDOGO NA DOLA KUBWA

Mambo hayo yalikuwa ya meza na treni. Ilipokuja intaneti mgeni hakuhitaji tena kusafiri. Meza ndiyo iliyomwendea nyumbani. Mwaka 1994 Antigua na Barbuda, visiwa vya bahari ya Karibi vyenye watu wasiofika laki moja, vilitunga sheria iliyofungua njia ya kutoa leseni kwa makampuni ya kamari ya mbali. Wateja wao wakubwa walikuwa Wamarekani. Marekani ikatumia sheria yake ya mwaka 1961 inayokataza kupeleka dau kwa waya, na mwaka 2000 Mmarekani mmoja aliyekuwa akiendesha kampuni yake Antigua akatiwa hatiani, akahukumiwa kifungo cha miezi 21.

Mwaka 2003 Antigua ikaishitaki Marekani mbele ya Shirika la Biashara Duniani. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mmeahidi kufungua soko la huduma, na kamari ni huduma, basi kwa nini mnatuzuia? Marekani ikajitetea kwa akhlaki. Ilisema kuwa kamari ya mbali huwafikia watoto, huwanasa wenye uraibu, na huficha fedha za wahalifu.

Unadhani hukumu ilikuwaje? Mwaka 2005 waamuzi wa rufaa walikubali kuwa nchi inayo haki ya kulinda akhlaki za watu wake, hata kama biashara itazuilika. Huo ulikuwa mlango mkubwa. Lakini wakaitazama Marekani wakaona kuwa sheria yake nyingine ilionekana kuruhusu makampuni ya nyumbani kupokea dau za mbio za farasi kwa njia hizo hizo za mbali. Yaani linaloharibu akhlaki likitoka Antigua, haliziharibu likitoka kwao? Hapo utetezi ukavunjika.

Mwaka 2007 Antigua, iliyodai fidia ya dola bilioni 3.4 kwa mwaka, ikakadiriwa dola milioni 21. Marekani nayo ikatangaza kuwa itaiondoa kamari katika ahadi zake za biashara. Kisha mwaka 2018 Mahkama Kuu ya Marekani ikaibatilisha sheria ya mwaka 1992 iliyoyazuia majimbo kuruhusu kubeti michezo, na baada ya hapo majimbo zaidi ya thelathini yakafungua milango na kutoza kodi. Akhlaki zile zilizotetewa mbele ya mataifa zilikwenda wapi? Wahenga wametwambia: mchovya asali hachovyi mara moja.

WANACHOKILINDA NI NINI?

Sasa tuipitie mikataba yenyewe. Kipo kikosi cha mataifa cha kupambana na fedha haramu kilichoundwa mwaka 1989. Mwaka 2003 kilizitia kasino katika kanuni zake, kikataka mteja ajulikane ni nani anapofanya muamala wa dola au yuro 3,000 au zaidi. Huo ni ulinzi wa mabenki. Upo pia mkataba wa Baraza la Ulaya uliotiwa saini Uswisi mwaka 2014 na kuanza kazi mwaka 2019, wa kuzuia upangaji wa matokeo ya mechi. Huo ni ulinzi wa mpira. Na kesi ya Antigua ilikuwa ulinzi wa biashara. Mke ambaye kodi ya nyumba yake imechezewa usiku hatajwi katika meza hizo.

Waama, wako waliojaribu. Italia mwaka 2018 ilipiga marufuku matangazo ya kamari, na Uingereza mwaka 2020 ikakataza kuchezea kamari kwa kadi ya mkopo. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019, liliuweka uraibu wa kamari katika kundi moja na uraibu wa vileo na madawa. Lakini sheria ya nchi moja hukomea mpakani. Wachezaji wa Austria na Ujerumani walipozishinda mahkamani kwao kampuni zenye leseni ya Malta, na kuamriwa warudishiwe fedha zao, Malta mwaka 2023 ilitunga sheria ya kuzitaka mahkama zake zisizitekeleze hukumu hizo. Ni Monaco ile ile, imevaa kanzu mpya.

NA SISI WA PWANI

Kwetu Afrika Mashariki nako pana sheria. Kenya ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 1966, na mwaka 2025 ikatunga mpya mahali pake. Tanzania ilitunga yake mwaka 2003, ikaunda bodi, na jina likawa "michezo ya kubahatisha". Mwaka 2019 Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa za kubeti, na ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya nini? Juu ya kodi. Hatusemi kuwa kodi si haki ya serikali, wala hatusemi kuwa bodi hizi hazina faida. Pasipo sheria dhulma ingezidi. Twasema tu kuwa leseni ni ruhusa ya muuzaji, si amana ya mnunuzi. Na mlinzi anayelipwa kwa kadiri ya watu wanavyopoteza, ulinzi wake una mpaka.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, jawabu ya yule kijana ni hii. Ndiyo, dunia nzima inalijua jambo hili. Inalijua tangu maisiri. Na tangu maisiri mpaka leo, kila aliyelitetea ametaja manufaa: nyama ya maskini, bandari, hazina ya dola. Manufaa hayo hatuyakanushi, ila twataka yapimwe, na upande wa pili wa mizani watiwe wale waliolipia ngamia.

Wewe mzazi, mzani huo uko nyumbani kwako. Usingoje Geneva ikulindie mwanao. Kaa naye, mfanyie hisabu ya shilingi 37 kwa maneno mapole. Na akiwa amekwisha anguka katika deni, usimfukuze. Anayefukuzwa huficha, na anayeficha hucheza tena ili arudishe kilichopotea. Mjue anayemdai, mtafutieni kazi ya halali, na simu ile iwe na mtu wa kuitazama pamoja naye mpaka moyo wake utulie.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu kwa riziki ya halali, japo ndogo, na atukinge na mali inayokuja kwa machozi ya wengine. Amin.