Njiapanda ya Cholame (Sehemu ya Kwanza)

Kuna kijiji hakina soko, hakina stendi, hakina hata taa za barabarani za kukusimamisha. Ukipita na gari huku unabadilisha redio, umeshakimaliza.

Sasa niambie: kwa nini watu wanapanda ndege kutoka Japani kukifuata?

Kinaitwa Cholame. Kipo California, Marekani, kando ya barabara namba 46, katikati ya vilima vya nyasi kavu na malisho ya ng'ombe. Wakazi wake ni wa kuhesabu. Bonde lake limepitiwa na ufa wa San Andreas, ule ule wa matetemeko makubwa.

Ungedhani tetemeko ndilo lililokipa jina. Wala.

Ni magari mawili. Jioni moja tu, Ijumaa ya tarehe 30 Septemba 1955.

Twende taratibu, msomaji wangu, maana hapa kila dakika ina uzito.

Siku hiyo asubuhi, kijana wa miaka 24 aitwaye James Dean alikuwa Los Angeles akijiandaa kwa safari. Unamjua? Yule mwigizaji mwenye macho ya huzuni, ambaye nusu ya vijana wa Marekani walitaka kuchana nywele kama yeye. Filamu yake moja tu kubwa ndiyo iliyokuwa imeonyeshwa. Ya pili ilikuwa itoke mwezi unaofuata. Ya tatu, *Giant*, alikuwa ametoka kumaliza kupigwa picha zake.

Na wakati wa *Giant*, studio ilimkataza kabisa mashindano ya magari. Kazi imeisha, marufuku imekwisha. Dean akanunua Porsche 550 Spyder, la rangi ya fedha, fupi kiasi kwamba ukisimama pembeni yake linakuishia kiunoni. Likaandikwa namba 130. Mashindano yalikuwa Salinas, mwisho wa wiki hiyo.

Shika hili la ufupi wa gari. Tutalihitaji.

Wiki moja kamili kabla ya safari, Dean alimwonyesha gari hilo mwigizaji wa Kiingereza Alec Guinness. Guinness hakulisifia. Kama alivyosimulia mwenyewe miaka ya baadaye, alimsihi asiliingie, akamwambia kwamba akiliingia, wiki ijayo saa kama hii atakuwa maiti.

Wiki ijayo! Hebu hesabu mwenyewe ni lini.

Na siku zile zile Dean alirekodi tangazo la televisheni la kuwaasa vijana waendeshe kwa uangalifu barabarani. Inaniuma kila ninapolifikiria. Aliyajua yote ya kusema.

Lakini bado palikuwa na nafasi ya kuokoka, tena nzuri tu. Mpango wa mwanzo ulikuwa Porsche isiguse lami mpaka Salinas, ivutwe kwenye tela. Fundi wake Mjerumani, Rolf Wütherich, ndiye aliyeshauri waiendeshe, ili injini ilainike na dereva aizoee.

Tela likafuata nyuma. Tupu.

Saa 9:30 alasiri, kusini mwa Bakersfield, trafiki akamsimamisha. Mwendo wa maili 65 mahali pa 55. Akaandikiwa faini, akatia sahihi, akaondoka. Laiti askari yule angemchelewesha kidogo tu!

Baadaye akasimama Blackwells Corner, dukani. Wakati huo Cholame ilikuwa bado mbele yake, imetulia, haina habari. Pale dukani akakutana na madereva wenzake wa mashindano, wakapiga soga, wakapanga wale pamoja chakula cha jioni mjini Paso Robles.

Paso Robles atafika. Ila hicho chakula...

Ngoja, nisikimbilie huko.

Ni saa 11 na dakika arobaini hivi. Barabara inateremka kutoka vilimani, kisha inanyooka kuelekea magharibi. Jua limeinama mbele yao. Rolf amekaa kulia kwa Dean. Injini inanguruma.

Na upande wa pili?

Upande wa pili anakuja mwanafunzi wa chuo, miaka 23, kwenye Ford nzito. Wikiendi imeanza, anarudi kwao. Hana ugomvi na mtu. Watu wengi wakisimulia kisa hiki humtaja kwa sentensi moja na kumwacha barabarani. Sisi hatutamwacha, kwa sababu atayabeba yatakayofuata kwa maisha yake yote.

Mbele kidogo ya Cholame, barabara ya 41 inachepuka kushoto kwake. Ndiyo njia ya nyumbani.

Anapunguza mwendo. Anatazama mbele. Barabara anaiona tupu.

Lakini kumbuka: gari fupi, rangi ya fedha, jioni, lami inayong'aa.

Ford inaanza kukata kona. Inaingia upande wa wenzake. Ndani ya Porsche, Dean ana imani moja tu, kwa maelezo ya Rolf baadaye: yule jamaa lazima atasimama, ameshatuona.

Ameshawaona kweli?

Magari mawili, watu watatu. Mmoja atatoka na majeraha madogo. Mmoja atarushwa nje, taya na nyonga vivunjike. Na fundi anayejua kila nati ya gari lile hana tena la kufanya, usukani hauko mikononi mwake.

Dean anaukamata...

*Itaendelea Jumamosi ijayo: nini kilitokea njiapanda, na kwa nini Mjapani Seita Ohnishi alikuja kusimamisha mnara wa chuma kuzunguka mti wa Cholame.*