Magazijuto na hesabu za sehemu

Magazijuto ni neno la kukumbushia mpangilio wa matendo ya hesabu, lililoundwa kwa silabi za mwanzo za maneno matano: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni neno la shule za msingi za Tanzania, ambako hisabati hufundishwa kwa Kiswahili, na watoto wengi hulikariri kabla hawajajua linasema nini. Mwanafunzi akifika kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia inageuka kuwa Kiingereza na neno nalo linageuka: anakutana na BODMAS na kudhani ni somo jipya, kumbe ni lilelile limevaa koti jingine.

Mpangilio huu ni makubaliano ya namna ya kusoma, kama tulivyokubaliana kusoma mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Kanuni za sehemu haziko hivyo. Hakuna kikao kilichoamua kwamba nusu na robo ni robo tatu. Ingekuwa hivyo hata kama hakuna aliyewahi kuandika. Anayechanganya haya mawili, yaani lililokubaliwa na lililopo lenyewe, ndiye anayeishia kukariri yote bila kuelewa hata moja.

Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, una mifano ya kutosha ya haya mawili. Ni nchi ya viazi mviringo, mbao, chai na parachichi, na Makambako ndiyo njia panda yake: barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inakutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita palepale.

Ubao wa futi 12

Fundi seremala ana ubao wa mbili kwa nne wenye urefu wa futi 12. Anakata vipande viwili vya futi 3½ kila kimoja. Kimebaki kiasi gani? Kwa maandishi: 12 − 2 × 3½. Kuzidisha kunatangulia kutoa, kwa hiyo 2 × 3½ = 7, kisha 12 − 7 = 5. Zimebaki futi 5.

Anayekwenda moja kwa moja kutoka kushoto atatoa 2 kwenye 12, apate 10, azidishe kwa 3½ na kutangaza kwamba zimebaki futi 35. Ubao umerefuka kwa kukatwa. Fundi hafanyi kosa hili kwa sababu ubao uko mbele yake. Anayelifanya ni mwenye karatasi tupu. Hulifanya pia vile vikokotoo vidogo vya mezani vinavyouzwa madukani, ambavyo hutenda kila tendo papo hapo jinsi linavyobonyezwa. Bonyeza 12 − 2 × 3.5 kwenye kikokotoo cha aina hiyo utaona 35. Bonyeza hivyohivyo kwenye simu janja utaona 5. Hakuna kilichoharibika. Kimoja kimefundishwa Magazijuto, kingine hakikufundishwa.

Mtego wa JU na TO

Ukilisoma neno hili kwa pupa utaamini kwamba kugawanya daima kuko mbele ya kuzidisha, na kujumlisha daima kuko mbele ya kutoa. Kwa kweli neno hili lina ngazi tatu tu: mabano; kisha kugawanya na kuzidisha kwa hadhi moja; kisha kujumlisha na kutoa kwa hadhi moja. Matendo ya ngazi moja yakifuatana, husomwa kutoka kushoto.

Ajabu ni kwamba nusu ya kwanza ya neno haimdhuru anayeifuata kama ilivyoandikwa. Chukua 12 × 6 ÷ 2. Kutoka kushoto ni 72 ÷ 2 = 36. Ukianza kugawanya ni 12 × 3 = 36. Katika 12 ÷ 6 × 2, kugawanya kwanza kunaleta 4, nalo ndilo jibu. Wamarekani hawakubahatika hivyo: neno lao, PEMDAS, limetanguliza kuzidisha, na anayelifuata kwa herufi atapata 1 katika hesabu hii ya mwisho.

Nusu ya pili ndiyo yenye mtego. Mchuuzi alikuwa na magunia 10, akauza 4, akaongeza 3: 10 − 4 + 3. Aliyeshikilia kwamba JU hutangulia TO atajumlisha 4 na 3, apate 7, atoe kwenye 10, abaki na 3. Mchuuzi mwenyewe anahesabu magunia 9 ghalani. Kosa si la neno bali la kusahau kwamba alama ni mali ya namba inayoifuata. Alama ya kutoa ni ya 4 peke yake. 3 ina alama yake ya kujumlisha. Ukikusanya vya kujumlisha kwanza, 10 + 3 = 13, kisha ukatoa 4, unapata 9 bila kuvunja agizo lolote. Mtu angeweza kupendekeza tuseme Magazitoju, maana kutoa kwanza hakukosei hata hapa: 10 − 4 ni 6, na 3 ni 9. Lakini ni nani atakayewasahaulisha watu wazima neno walilolikariri wakiwa darasa la nne?

Sehemu na majina yake

Sehemu huandikwa kwa namba mbili zilizotengwa na mstari: kiasi juu, asili chini. Asili inaeleza kitu kizima kimekatwa vipande vingapi vilivyo sawa, kiasi kinaeleza vimechukuliwa vingapi. Kiasi kikiwa kidogo kuliko asili, kama ¾, ni sehemu halisi. Kisipokuwa kidogo, kama 9/4, ni sehemu guni. Na 9/4 ikiandikwa 2¼ ni namba mchanganyiko.

Majina ya sehemu katika Kiswahili, yaani nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, thumuni hadi ushuri, yametoka Kiarabu, na katika mirathi ya Kiislamu baadhi yake hutumika hadi leo: mgao wa warithi hukadiriwa kwa nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Sokoni yamebaki machache, hasa nusu, robo na robo tatu. Sado ya lita 4 ni humusi ya debe la lita 20, ila muuzaji akiombwa kupima humusi ya debe atakushangaa. Mstari wa katikati nao ulitoka kwa Waarabu wa Afrika Kaskazini: al-Hassar, mwanahisabati wa Morocco wa karne ya 12, alikuwa akiutumia, na kitabu cha Leonardo wa Pisa cha mwaka 1202 kikausambaza Ulaya.

Kujumlisha: gunia lipi?

Huwezi kujumlisha sehemu mpaka ujue ni sehemu za kitu gani. Wakulima wa viazi wa Njombe wanalijua hili kwa uchungu. Kisheria gunia halipaswi kuzidi kilo 100, lakini kuna lumbesa, gunia lililorundikwa kupita mdomo na kushonewa kilemba, ambalo Wakala wa Vipimo amelipiga vita kwa miaka mingi. Tuseme lumbesa moja ina kilo 130. Nusu ya lumbesa na nusu ya gunia halali ni kilo 65 na kilo 50, jumla 115. Nusu mbili zimekataa kuwa kizima, kwa sababu vizima vyenyewe havikuwa sawa.

Vizima vikiwa sawa, linabaki suala la vipande. Theluthi mbili za gunia na robo tatu za gunia, ⅔ + ¾, zimekatwa kwa ukubwa tofauti, kwa hiyo tunatafuta asili inayogawanyika kwa zote mbili. Kigawe kidogo cha shirika, KDS, cha 3 na 4 ni 12. Theluthi mbili zinakuwa 8/12, robo tatu zinakuwa 9/12, jumla 17/12, yaani 1 5/12. Anayejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini hupata 5/7. Hilo linajikana lenyewe: kila rundo lilizidi nusu gunia, iweje yakichanganywa hayajazi hata gunia moja? Tena 5/7 ni ndogo kuliko ¾ aliyokuwa nayo kabla ya kuongeza.

Mabano yasiyoonekana

Katika sehemu, mabano mengi hayaandikwi. Mstari wa sehemu ni mabano: kilicho juu yake kinamalizwa kwanza, na kilicho chini vilevile. Ukiandika 6 + 4 juu ya mstari na 2 chini, jibu ni 5. Ukiituma kwa ujumbe wa simu kama 6 + 4/2, umeshaibadili kuwa 8.

Namba mchanganyiko nayo ina mabano. Reli ya TAZARA inayopita Makambako ina upana wa futi 3½ kati ya chuma na chuma. Futi moja ni milimita 304.8. Kwa kuwa 3½ ni 3 + ½, hesabu kamili ni (3 + ½) × 304.8, yaani 914.4 + 152.4 = 1,066.8, ndiyo maana vitabuni huandikwa milimita 1,067. Asiyeyaona mabano atazidisha nusu peke yake, aongeze 3, apate 155.4: reli ya upana usiofika shubiri. Kinga yake ni kuigeuza namba mchanganyiko kuwa sehemu guni kabla ya kuzidisha au kugawanya. 3½ ni 7/2, na mabano hayahitajiki tena.

Neno "ya" hufunga vilevile. Nusu ya 8 ni kitu kimoja, 4. Kwa desturi ya darasani, 12 ÷ ½ ya 8 ni 12 ÷ 4 = 3, lakini 12 ÷ ½ × 8 ni 24 × 8 = 192.

Kugawanya

Shamba la eka 4½ linagawanywa viwanja vya robo tatu eka. Vitapatikana vingapi? Darasani husemwa "geuza ya pili, kisha zidisha", bila sababu. Sababu ni hii: eka 4½ ni robo 18, na kila kiwanja kinakula robo 3. 18 ÷ 3 = 6. Kugeuza ni njia ya mkato ya kufanya hilohilo: 9/2 × 4/3 = 36/6 = 6.

Hesabu nzima, hatua kwa hatua

1½ + 2¼ ÷ ¾ − ⅓ × (2 − ½)

Mabano: 2 − ½ = 3/2.
Gawanya: 9/4 ÷ ¾ = 9/4 × 4/3 = 3.
Zidisha: ⅓ × 3/2 = ½.
Sasa imebaki 1½ + 3 − ½.
Jumlisha: 1½ + 3 = 4½.
Toa: 4½ − ½ = 4.

Kila hatua iandikwe mstari wake, na kisichoguswa kinakiliwe kama kilivyo. Makosa mengi niliyoyaona kwenye madaftari hayakuwa ya kutojua kanuni. Yalikuwa ya mtu aliyefanya matendo mawili kichwani kwa pamoja, alama moja ikapotelea njiani.

Magazijuto halina silabi ya vipeo wala vipeuo. Mahali pake ni baada ya mabano, kabla ya kugawanya: katika 2 × 3² huanza 3² = 9, kisha 18, wala si 36.