Saa 6 au 06:00? Weka saa ya mfumo wako sawa kabla abiria hajaachwa na basi

Abiria wa Iringa akipata meseji ya tiketi inayosema "kuondoka saa 6:00", atafika stendi ya Igumbilo mchana. Basi limeshatoka tangu alfajiri, maana mfumo ulimaanisha 06:00, yaani saa 12. Hapo abiria hana kosa. Kosa ni la aliyetengeneza mfumo, na kulirekebisha hakuchukui muda.

Anza na seva. Seva nyingi za kukodi huja na saa ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Kwenye Ubuntu, andika timedatectl uone imewekwaje, kisha:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo systemctl restart cron

Usihangaike kutafuta Mbeya kwenye orodha, haimo. Tanzania nzima inatumia jina hilo moja. Na usije ukachagua Etc/GMT+3 ukidhani ndiyo yetu: alama zake zimegeuzwa, kwa hiyo utakuwa nyuma kwa saa 6 nzima.

Ile amri ya pili wengi huiruka. Cron isipowashwa upya inaweza kuendelea na saa ya zamani, na ripoti ya 0 0 * * * ikaendelea kutoka saa 9 usiku. Tena ripoti ikikata siku kwa UTC, tiketi zilizouzwa kati ya saa 6 na saa 9 usiku zinahesabiwa jana. Mwenye basi akijumlisha, hela hazilingani na za wakala, na lawama zinamwangukia wakala.

Kwenye hifadhidata, bora muda ubaki UTC, ubadilishwe wakati wa kumwonyesha mtu tu. Django inafanya hivyo yenyewe ukiweka:

USE_TZ = True
TIME_ZONE = 'Africa/Dar_es_Salaam'

Kwa Laravel, acha 'UTC' kwenye config/app.php, ubadilishe unapoonyesha. Watumiaji wa MySQL muwe makini: TIMESTAMP hutunzwa kwa UTC, ila DATETIME inapokea chochote unachoipa bila kuuliza. Ukibadilisha saa ya seva ambayo tayari ina data, rekodi za zamani na mpya zinaweza kupishana saa 3 ndani ya jedwali moja. Chukua nakala kwanza.

Kwa wanaohudumia njia ya Mbeya kwenda Tunduma au Kasumulu kuna mtego mwingine. Zambia na Malawi ziko nyuma yetu kwa saa 1, na simu ikidaka mnara wa ng'ambo inaweza kujirudisha nyuma yenyewe. Kwa hiyo muda wa kukata tiketi uchukue kwenye seva, usiuchukue kwenye simu ya wakala.

Mwisho ni meseji yenyewe. Kupata saa ya Kiswahili kwa JavaScript:

const saaYetu = (saa + 6) % 12 || 12;

06 inatoa 12, 20 inatoa 2. Andika zote mbili: "Jumanne saa 12:00 alfajiri (06:00)". Basi la 00:30 Jumanne ndilo gumu zaidi, kwa sababu abiria analiita la Jumatatu usiku. Mwandikie "saa 6:30 usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne", hata kama meseji itarefuka.